Pembuani, Wanakoajiri Wasiojua

Kila ninapokaa na watu wakasikia kwamba nilifika Pembuani, swali la kwanza ni njia: ulipitaje, ulipanda nini, mpaka wake uko wapi. Jamani, njia ni njia tu. Nilichoka, nikafika. Mwenye hamu ya safari na aende mwenyewe. Mimi nataka kusimulia sheria za watu wale, maana mpaka leo nikizikumbuka nacheka peke yangu, na mke wangu hunitazama kwa wasiwasi.

Nchi yenyewe ni nzuri, nisiwasingizie. Mitaa inafagiwa, salamu zao ni ndefu, na mgeni anapendwa kuliko mahali popote nilipowahi kuuza makufuli, kwani hiyo ndiyo biashara yangu. Sababu ya mapenzi hayo niliijua siku ile ile, nilipoingia mgahawani. Kwenye meza ya jirani alikaa bwana mmoja, jasho linamtiririka, midomo imemkauka, ameukodolea macho mtungi wa maji. Mhudumu kasimama kando yake, kimya. Nikadhani wamegombana. Mhudumu aliponiona akaja mbio.

"Shikamoo, mgeni wetu. Samahani sana. Unamfahamu bwana yule?"

"Marahaba. Simfahamu hata kidogo."

"Alhamdulillahi! Hebu mtazame, utuambie anahitaji nini."

"Si maji?"

Bwana yule alikunywa glasi juu ya glasi bila kupumua, kisha akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi.

Hiyo ndiyo Sheria ya Macho Mageni. Pembuani mwenye hitaji haruhusiwi kulitaja kwa kinywa chake. Lazima litajwe na mtu asiyemjua, asiyeijua shughuli yake, asiyekuwa na habari yoyote. Nilipouliza kwa nini, kila mtu alinijibu jibu lile lile, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: mwenye njaa ukimuuliza atasema anataka chakula. Kesho umuulize tena, atasema hivyo hivyo. Utamwaminije mtu mwenye upendeleo wa wazi namna ile?

Habari kwamba mjini kuna mgeni asiyejua kitu zilienea upesi, na kabla sijamaliza chai yangu alikuja kunichukua Bwana Mbaraka Shekue, mkurugenzi wa Jumuiya ya Viti. Mtu mnene, mpole, kola ya shati imempauka, na macho ya mtu asiyelala vizuri. Njia nzima alizungumza nami habari za mvua tu. Nilipomuuliza Jumuiya yake inafanya nini alisimama ghafla, akatazama nyuma na mbele.

"Ndugu yangu, nakuomba," alisema, "usiniulize mambo hayo. Nikikutia maarifa hata kidogo, sitaruhusiwa kukuajiri."

Niliyoyajua baadaye wewe msomaji nakueleza sasa, tusije tukapotezana. Jumuiya ya Viti ni ya hisani. Kazi yake ni kuwaazima viti vya magurudumu watu wasioweza kutembea, bila malipo. Mfumo wao wa kompyuta, unaotunza habari za kiti kipi kiko kwa nani, ulikuwa umezeeka na kuchanganyikiwa. Nyumba moja iliyoandikiwa kiti kimoja ikaletewa lundo, na bibi mmoja asiyeweza hata kusimama akaandikiwa barua ya kumpongeza kwa kupona. Basi serikali ikaamuru ugawaji usimame mpaka upatikane mfumo mpya. Mfumo mpya hautengenezwi mpaka ijulikane Jumuiya inahitaji nini. Na Jumuiya, kwa sheria, haiwezi kusema inahitaji nini. Kwa hiyo imeajiri washauri. Mabingwa kwelikweli, hakuna hata mmoja anayejua Jumuiya inafanya kazi gani.

Ofisi iko ghorofani, kwenye ngazi nyembamba za kupinda, na mlangoni juu anakaa Bi Hidaya, Msajili wa Ugeni. Yeye ndiye anayepima kama mtu hajui vya kutosha. Nilifika kwake nikihema.

"Unaijua Jumuiya hii?"

"Siijui, mama."

"Kompyuta unazijua?"

"Najua kuiwasha na kuizima."

Kalamu yake ikasimama. "Na kuizima?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanipunguzia alama. "Umewahi kuishi na mtu asiyeweza kutembea?"

"Sijawahi."

"Umewahi kumuuliza mtu anataka nini, akakujibu?"

"Mimi ni muuza makufuli, mama, hiyo ndiyo kazi yang..."

"Usimalize," alinikatiza kwa huruma. "Niache nisiandike hilo."

Akanipitisha. Nilikuja kujua kwamba uhaba wa wageni ulikuwa mkubwa sana mwaka ule, la sivyo nisingepenya. Nikala kiapo cha kutokujua, na papo hapo nikakabidhiwa kiti cha magurudumu kipya, bado kina nailoni. Kila mshauri hupewa kimoja, ili, kama wanavyosema wao, aonje hali ya mlengwa. Mimi na miguu yangu miwili mizima nikaambiwa kaa. Nikakaa.

Lo! Ukumbi ulijaa viti. Nilikuta washauri wanazungukazunguka, wengine wanashindana mbio kwenye korido, wengine wamelala usingizi wamejiegemeza vizuri. Stoo ya Jumuiya, ambayo mlango wake ulikuwa wazi, ilibaki na vumbi na katoni. Nikamuuliza jirani yangu viti vimekwenda wapi. Akanitazama kama mpumbavu, akapigapiga mkono wa kiti alichokalia yeye. Vingine vyote, akasema, viko humu humu kwenye utafiti.

Kiongozi wetu alikuwa Daktari Tegemea, mrefu, ananukia marashi, na sauti yake nzito kwelikweli. Alikuwa na miaka mingi katika kazi ile na hakuwahi kuelewa chochote, jambo ambalo wenzake walilitaja kwa sauti ya chini, kwa heshima. Kila asubuhi alifungua warsha. Tuligawiwa vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, tuandike neno lolote linalotujia. Nilipokuja mimi mjadala mkubwa ulikuwa huu: je, mfumo mpya unahitaji kujua habari za kiti, au habari za mtu anayekikalia?

"Tusikimbilie," alisema Daktari Tegemea. "Hatuna ushahidi kwamba kuna mtu."

Upande wa Kiti ulipiga makofi. Upande wa Mtu uliomba muda wa kwenda kujipanga, ukajipanga chumba cha pili kwenye sambusa, na ukarudi jioni ukiwa umegawanyika. Siku iliyofuata pangaboi liliwashwa kwa nguvu, vikaratasi vyote vikapeperuka chini. Vikabandikwa upya ovyo ovyo, na mpangilio ule mpya ukapewa jina la Awamu ya Pili. Nilidhani wanatania. Walikuwa wamekunja nyuso.

Wafanyakazi wenyewe wa Jumuiya walikaa uani wakicheza bao, kwa sababu hawakuruhusiwa kuzungumza nasi wala sisi nao. Bwana Shekue alipita mara kwa mara akituletea chai, anatembea kwa vidole, asije akasikika akipumua kwa namna ya kutuelekeza. Mara moja nilimwona ameukazia macho ukuta wa vikaratasi, anajiuma midomo, halafu akaondoka haraka.

Kuna jambo moja walilolihofia kuliko yote. Alikuwepo mshauri mmoja mcheshi, kijana wa kupendeza, tukila sambusa pamoja. Katikati ya utani akasema, "Kumbe hawa wanachotaka ni kujua tu kiti kipi kiko kwa nani." Kila mtu akatazama sahani yake. Daktari Tegemea akasimama, akamwekea mkono begani.

"Ameelewa," akasema, kama anayetangaza msiba.

Kijana wa watu akalia. Akaomba asamehewe, akaapa kwamba imemtoka tu. Wapi! Pembuani, mtu akishaelewa amechafuka, ushauri wake haufai tena, na wakamtoa nje hata sambusa yake hajaimaliza. Kiti chake kikasukumwa kando kumsubiri atakayekuja na akili isiyoguswa. Hapo ndipo nilipoelewa, na Mungu anisamehe kwa kulisema neno hilo, kwa nini taarifa ya mahitaji ya Jumuiya, ile tuliyoajiriwa kuiandika, haikuwahi kuandikwa. Kila aliyekaribia kuiandika alifukuzwa.

Basi pale chini, mwanzo wa ngazi, pana benchi, na kwenye benchi lile kila nilipopita nilimkuta mwanamke mmoja, kanga kaifunga vizuri, macho makali ya mtu asiyependa upuuzi. Jina lake Siwatu, fundi cherehani. Miguu yake ilikwisha nguvu kwa ugonjwa. Aliponiona nimebeba kiti begani nashuka nacho, maana kwenye ngazi hakiviringiki, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Kaka, pole na ugonjwa," aliniambia. "Naona miguu inakusumbua sana."

Nikaona haya, nikakaa karibu naye. Nikamuuliza swali la kijinga ambalo mgeni yeyote angeuliza: dada, unahitaji nini hapa? Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Utanifungisha wewe! Niulize kitu kingine."

"Haya. Unashonea wapi?"

Hilo linaruhusiwa. Akanieleza. Ana meza yake sokoni, na cherehani cha mkono, kile cha kuzungusha kwa kishikio, kwa sababu cha miguu hakimfai. Gauni la Siwatu, alisema, halipati mkunjo mgongoni hata umvalishe nani. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka na kumrudisha, sasa mgongo wenyewe umemkatika. Hapa kwenye benchi anajikaza kumfikisha kwa kuwa ni jirani na nyumbani. Sokoni ni mbali, hawezi tena. Na kamati ya soko imeshamwambia: meza ikikaa tupu mpaka Sikukuu, anapewa mtu mwingine. Sikukuu yenyewe ilikuwa karibu.

"Meza ile aliianza mama yangu," alisema. "Wakiichukua, mimi nitakuwa mtu wa kulishwa na kaka. Na kaka mwenyewe ndiyo huyo, hajiwezi." Akakivuta kiti changu karibu, akalizungusha gurudumu kwa kidole. "Linakwenda laini, eti?"

Nilipandwa na hasira, sisemi uongo. Nikapanda ngazi zile na kiti changu begani, nikaingia warsha imepamba moto, nikakibwaga katikati ya ukumbi.

"Wapeni watu viti!" nikasema. "Halafu mtafute kompyuta ya kuandika mmempa nani. Basi! Kuna nini kigumu hapo?"

Mtu mmoja akaniinamishia kichwa. Daktari Tegemea akaja na ule mkono wake, marashi yakanifikia kabla yake.

"Ameelewa," akasema.

Wakaniandikia barua ya kunifukuza, nzuri, yenye shukrani nyingi. Lakini Bwana Shekue alikuwa amekaa kwenye katoni tupu, mikono kichwani. Wafadhili wanataka taarifa kabla ya Sikukuu, alilalamika, na huyu alikuwa mgeni wa mwisho mjini. Nani sasa asiyeijua Jumuiya? Mtaa mzima unaijua! Bi Hidaya akakubali kwamba hali ni mbaya, hata yeye mwenyewe siku hizi ameanza kujua mambo, anajizuia tu.

"Mbona yupo," nikasema. "Yuko hapo chini kwenye benchi."

"Siwatu?" akashangaa Bwana Shekue. "Yule anakaa mlangoni kwetu kila siku."

"Mlangoni, ndiyo. Amewahi kuingia?"

Wakatazamana. Bi Hidaya akachukua kalamu yake, akashuka, na sisi sote nyuma yake.

"Binti," alisema, "umewahi kuingia ofisi hii?"

"Nitapandia nini, mama?"

"Unajua tunafanya nini humo ndani?"

Siwatu akamtazama Bwana Shekue, akatazama washauri waliojipanga ngazini, kila mmoja na kiti chake. "Hilo," akasema, "sijui kabisa. Nakaa hapa kila siku najiuliza."

"Kiti kama hiki umewahi kukitumia?"

"Sijawahi hata kukikalia."

"Kompyuta?"

"Naziona kwa mbali."

Bi Hidaya alijumlisha mara mbili. Alama zote! Haijawahi kutokea. Daktari Tegemea mwenyewe alivua miwani, akaipangusa, akavaa. Siwatu akala kiapo cha kutokujua pale pale kwenye benchi, na kile kiti changu, chenye nailoni yake, kikateremshwa, kikawekwa mbele yake. Alikaa. Alishika magurudumu, akasogea mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, upesi, kisha akarudia ukali wake.

"Warsha inaanza saa mbili, juu," alisema Daktari Tegemea.

"Mimi nitafanyia utafiti wangu sokoni," alisema Siwatu, na tayari alikuwa anaondoka.

Washauri wakanong'ona kwa mshangao. Utafiti nje ya ukumbi! Hakuna aliyewahi kulifikiria. Wakaliandika kwenye kikaratasi cha kijani.

Mimi kwa sheria nilitakiwa niondoke nchini, lakini ofisi ya kuwaondoa wageni ilikuwa inasubiri washauri wake, kwa hiyo nikatandika makufuli yangu kando ya meza ya Siwatu. Nakwambia, cherehani kile kilizunguka! Wanawake walipanga foleni na vitambaa vyao vya Sikukuu, kamati ya soko ikaja, ikaona, ikaagiza kanzu. Jioni kaka yake alikuja akijikongoja kumsalimia, akakuta dada yake anajiendesha mwenyewe kwenda kununua uzi. Alisimama pale akimwangalia mpaka nikampa stuli.

Siku moja kabla ya Sikukuu wakaja: Bwana Shekue, Daktari Tegemea na Bi Hidaya. Wanataka taarifa.

"Taarifa yangu ni fupi," alisema Siwatu, bila kuacha kushona. "Wapeni watu viti, muandike mmempa nani."

"Ameelewa," alisema Daktari Tegemea, na safari hii sauti yake ilikatika, maana alikuwa ameweka matumaini. "Binti, pole. Umeachishwa. Tunaomba kiti."

Cherehani kikasimama. Foleni nzima ya wanawake ikageuka. Siwatu akaweka mkasi mezani, polepole.

"Nani anakiomba?"

"Jumuiya," alisema Daktari.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumuiya inakihi..."

Bi Hidaya aliinua kalamu. "Daktari! Mahitaji ya Jumuiya bado hayajathibitishwa. Huwezi kuyataja."

"Basi aseme Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ndiye hasa asiyeruhusiwa."

Siwatu akamgeukia Bwana Shekue. Hakuwa na utani tena usoni. "Bwana Mkurugenzi, wewe una kinywa chako. Niambie mbele ya watu hawa. Unakihitaji kiti hiki?"

Nilimhurumia Bwana Shekue. Miaka yote ile mtu yule alikuwa akinyamaza, na sasa alitakiwa kunyamaza tena. Akatazama magurudumu yaliyokwisha kuchafuka kwa tope la soko. Akatazama upande wa pili, kwenye mabanda ya viungo, ambako mzee mmoja muuza iliki alikuwa anajisogeza chini kwa mikono, kandambili amezivaa viganjani.

"Bi Hidaya," akasema, "yule mzee amewahi kuingia ofisini kwetu?"

"Ataingiaje?"

"Anajua tunafanya nini?"

"Sidhani. Hakuna anayejua."

"Mpime," alisema Bwana Shekue.

Daktari Tegemea akaanza kusema kwamba kwa mwendo huo viti vyote vitaishia kwa washauri wapya, na wote wataelewa siku ya kwanza, na hakuna atakayeruhusiwa kuwadai viti, na taarifa itachelewa.

"Itachelewa sana," alisema Bwana Shekue, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alicheka. "Bi Hidaya, mbona umesimama?"

Bi Hidaya hakuwa amesimama, alikuwa ameshafika kwa muuza iliki na kuchuchumaa. Maneno yalivuka soko upesi kuliko nilivyotegemea. Wakaanza kuja, mmoja kabebwa na mwanawe, mwingine kwenye toroli la ndizi, mama mmoja kaegemea magongo mawili yasiyolingana. Hakuna aliyetaja alichohitaji, hawakuvunja sheria hata kidogo. Walinyoosha mikono tu, wakamwita Bi Hidaya kwa sauti kubwa, kila mmoja akitaka kusikika kabla ya mwenzake:

"Mama, mimi siijui Jumuiya! Siijui kabisa! Wallahi, hawajawahi hata kuniuliza!"